Maswali na Majibu: "Tafuteni elimu hata China", ni hadithi kweli?

SWALI: Assalaam aleikum shekhe. Naomba utusaidie manake imeshakuwa ugomvi. Kwenye grupu la familia mjomba alituma meseji "Mtume amesema tafuteni elimu hata China", binamu yangu akamjibu palepale hiyo ni uongo. Mjomba anasema kama maana ni nzuri kuna ubaya gani? Binamu naye sasa anasema kisichokuwemo kwenye vile vitabu viwili vya hadithi sahihi, Bukhari na Muslim, yeye hakifuati kabisa. Nani yuko sawa?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kwenye hiyo meseji yenyewe binamu yako yuko sawa, haijathibiti. Mwanazuoni wa hadithi Ibn Hibban alisema ni batili haina asili, Ibn al-Jawzi akaiweka kwenye kitabu chake cha hadithi za kutungwa, na hata Bayhaqi ambaye kaipokea mwenyewe kasema matini yake (maneno yenyewe) ni mashuhuri ila sanadi yake (mlolongo wa waliopokezana) dhaifu. Lakini kile kipande kinachofuatia kwenye riwaya hiyohiyo, "kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu", kipo kwenye kitabu cha Ibn Majah na wako wanazuoni walioikubali kwa sababu njia zake ni nyingi na zinapeana nguvu, yaani mjomba angetuma hicho tu angefikisha alichotaka na hakuna ambaye angegombana naye.

Sasa hili la "maana nzuri" jamani tuwe nalo makini sana. Alikuwepo kadhi wa mji wa Marw anaitwa Nuh bin Abi Maryam, akaleta hadithi za fadhila za Qur'ani sura baada ya sura, anasema kapokea kwa Ikrima naye kutoka kwa swahaba Ibn Abbas. Watu wakamuuliza hizi umezitoa wapi mbona wanafunzi wengine wa Ikrima hawana? Akasema niliona watu wameiacha Qur'ani wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na habari za vita za Ibn Ishaq, nikazitunga. Alitaka kuwarudisha watu kwenye Qur'ani, nia gani nzuri kuliko hiyo? Na bado jina lake limebaki vitabuni kama mfano wa mzushi, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake motoni, hiyo iko Bukhari na Muslim na imepokewa na maswahaba wengi mno, na hakutoa ruhusa kwa mwenye nia nzuri. Mjomba hakutunga kitu, kapokea kasambaza, kwa hiyo alistahili kuambiwa kwa upole tena pembeni, sio mbele ya ukoo mzima.

Binamu naye kateleza kwingine. Muslim (aliyefariki mwaka 261 Hijria) kasema wazi ndani ya kitabu chake kwamba si kila kilicho sahihi kwake amekiweka humo, na Bukhari (256 Hijria) pia imepokewa kwamba aliacha nyingi sahihi ili kitabu kisirefuke. Sasa ukitupa vitabu vingine vya hadithi kama Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai, Muwatta ya Malik na Musnad ya Ahmad umejinyima mengi. Humo zimo sahihi, zimo hasan (chini kidogo ya sahihi ila zinakubalika), zimo dhaifu, kila moja inapimwa peke yake, na dhaifu si lazima iwe ya kutungwa.

Inapimwaje? Chukua ya kwanza kabisa kwenye Bukhari, "hakika matendo huzingatiwa kwa nia". Bukhari kaipata kwa Humaydi, naye kwa Sufyan, naye kwa Yahya bin Said al-Ansari, naye kwa Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, naye kwa Alqama bin Waqqas aliyemsikia Umar akiwa juu ya mimbari. Kwa kila jina unauliza, je alikutana na aliyempokea, ni mkweli na mwadilifu, hifdhi yake (kumbukumbu yake) ikoje, amewapinga walio imara kuliko yeye, kuna kasoro iliyojificha? Na hii kuanzia Umar mpaka Yahya ni mmoja kwa mmoja, lakini ni sahihi bila shaka, kwa hiyo wale wanaodhani kazi ni kuhesabu wapokezi tu hawajaielewa hii elimu.

Halafu ikishathibiti ndo unaanza kuuliza ina maana gani, na hapa ndipo wengi tunaharakisha. Mwaka wa 5 Hijria baada ya vita vya Ahzab Mtume (s.a.w.) aliwaambia maswahaba asiswali mtu Alasiri ila kwa Bani Quraidha, kabila la Kiyahudi lililokuwa Madina. Wakati ukawakuta njiani, baadhi wakasema hatuswali mpaka tufike, wengine wakasema hakukusudia hivyo, wakaswali palepale. Alipoambiwa hakumlaumu yeyote. Kauli moja, wameisikia kwake mwenyewe, na bado wakaifahamu tofauti!

Nyingine hueleweka kwa wakati wake. Kwenye Muslim kasema "nilikuwa nimewakatazeni kuzuru makaburi, basi yazuruni", sasa mtu akikutumia katazo peke yake kakupa hukumu iliyokwisha ondolewa. Kwa hiyo ukikuta hadithi hata iwe sahihi usitoe hukumu kwa tafsiri tupu, tafuta sherehe yake (kitabu cha ufafanuzi wake), Fat'h al-Bari ya Ibn Hajar kwa Bukhari au ya Nawawi kwa Muslim, na kama huwezi kuisoma muulize mwenye elimu, umuulize pia hadithi nyingine za mlango huohuo zinasemaje.