Mtoto akilala chali, mwambie mama akohoe

"Daktari, niambie tu ni mvulana au msichana." Mimi si daktari, ni mpiga skani kwenye kliniki ndogo hapa Arua, Uganda, lakini nimeshachoka kusahihisha. Wengi huja mimba ikiwa na miezi saba, na kufikia hapo kipimo cha shingo kimeshapitwa na wakati.

Kipimo hicho cha kutafuta dalili za hitilafu za kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli), kama ile ya Down inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, hufanywa kuanzia wiki ya 11 hadi wiki ya 13 na siku 6, mtoto akiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84 toka utosini hadi matakoni. Tunapima unene wa maji yaliyo chini ya ngozi ya kisogo; ukizidi, uwezekano wa hitilafu hupanda. Baadaye maji hayo hupungua yenyewe, hata kwa mtoto mwenye hitilafu. Kwa hiyo dada, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho na uje mapema.

Sasa kosa langu. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, jenereta inanguruma nje. Mama wa miaka 39. Nikapima: milimita 3.9. Kuanzia 3.5 huwa tunashtuka, nami nikamwambia palepale. Alifuta jeli kwa ncha ya kitenge, akatoka bila kuuliza kitu.

Nikaitazama picha tena. Mstari niliodhani ni ngozi ulikuwa utando wa amnioni, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto. Mtoto alikuwa amelala chali juu yake. Nilimkuta mama chini ya mwembe, simu sikioni, analia. Nikamrudisha kitandani, nikamwomba akohoe. Akakohoa mara mbili, mtoto akaruka, ngozi ikaachana na utando. Nikapima mara tatu, kubwa kuliko zote ikawa 1.7.

Wenzangu wa kazi, mashine mpya si dawa ya haraka. Mtoto aonekane kwa ubavu, kichwa na kifua vijaze skrini. Kidevu kikiinuka kipimo huongezeka, kikiinama hupungua. Asipogeuka, mama akatembee kidogo, anywe chai, arudi. Foleni itanung'unika, iache inung'unike.

Na kwa akina mama: kipimo hiki hakisemi mtoto ana Down au hana, kinasema uwezekano tu. Kikiunganishwa na umri wako na vipimo viwili vya damu, hugundua takriban watoto 9 kati ya 10 wenye Down, na bado huwatisha bure kama mama 5 kati ya 100. Damu hiyo kwetu hatupimi, na bila hiyo tunakosa wengi zaidi. Jibu la uhakika hutoka kwenye maji ya uzazi, yanayochotwa kwa sindano kuanzia wiki ya 15, na sindano hiyo ina hatari yake ndogo ya kuharibu mimba.

Shangazi mmoja aliniuliza kujua kuna faida gani. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na Taasisi ya Moyo iko Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Nauli na mahali pa kufikia havitafutwi uchungu ukishaanza.

Yule mama alirudi mwaka jana na mimba nyingine, wiki ya 12 kamili. Kabla sijapaka jeli akaniuliza, "Nikohoe sasa au baadaye?"