Uchakavu wa filamu si mtindo wake

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninatengeneza filamu fupi ya vichekesho vya mapenzi, dakika 12, na ninataka ifanane na zile za Marekani za mwisho wa miaka ya 1950: wapenzi wanagombana kwenye simu, skrini imegawanywa katikati. Nimenunua kifurushi cha filta za kizamani chenye mikwaruzo, vumbi, rangi ya manjano, picha inayotetemeka na mlio wa projekta. Picha nimeibana iwe karibu mraba, na matembezi nimeyaharakisha kidogo. Walioiona wanasema inafanana na video iliyoharibika, si filamu ya zamani. Je, kuna kifurushi bora zaidi, au niongeze mikwaruzo?

Jibu: Marahaba. Usiongeze mkwaruzo hata mmoja, wala usinunue kifurushi kingine. Fungua mradi wako, zima filta zote, uitazame filamu ikiwa tupu. Kama haina hata dalili ya 1959, ujue mtindo unaoutafuta haukupigwa picha tangu mwanzo, na hakuna filta itakayouleta sasa.

Riziki yangu ni kurekebisha rangi za filamu, na ombi hili naletewa mara kwa mara: "Ifanye iwe ya zamani." Ninapouliza ya zamani kwa namna gani, naoneshwa uchafu. Hapo ndipo ninapochoka. Mtu aliyekata tiketi mwaka 1959 hakwenda kutazama mikwaruzo. Alikaa mbele ya nakala mpya, safi, yenye rangi zilizoiva. Mikwaruzo ilikuja baadaye, nakala ilipopita kwenye projekta mara mamia. Vumbi ni la ghala. Mtetemo ni wa mkanda uliosinyaa, au wa yale matundu ya pembeni yaliyokwisha kuliwa na meno ya mashine. Hakuna mwongozaji aliyeomba hata kimoja kati ya hivyo, na mafundi wa maabara walikuwa wakipigana navyo kila siku. Wewe unataka kuiga kazi ya watu, lakini kilichoigwa ni maradhi yaliyoipata kazi hiyo uzeeni.

Rangi ndiyo inayoniumiza zaidi. Eastmancolor, mkanda wa rangi ulioingia sokoni mwaka 1950, ulibeba rangi zote tatu katika matabaka ya mkanda mmoja. Kwenye nakala za enzi ile tabaka la saiani, yaani buluu inayoelekea kijani, hufifia mapema kuliko mengine, na nakala iliyokaa miaka mingi hugeuka ya waridi. Nakala zilizochapwa kwa njia ya Technicolor ni kisa kingine kabisa: rangi iligandamizwa kwenye mkanda moja baada ya nyingine, kama bango linavyochapwa, na nyingi zinang'aa hadi leo. Kwa hiyo zipo njia mbili za kujua 1959 ilikuwa na rangi gani. Unaweza kutazama nakala iliyotunzwa au iliyokarabatiwa kutoka kwenye negativi, yaani mkanda wa awali uliopita ndani ya kamera, au unaweza kutazama nakala iliyooza mtandaoni ukaamini kwamba kuoza ndiko kuzuri. Wauza vifurushi wamechagua njia ya pili, na manjano yao haitokani na yoyote kati ya mikanda hii miwili.

Umbo la mraba nalo ni kosa la enzi. Tangu 1932 Hollywood ilikuwa na fremu yenye upana wa 1.37 kwa kimo cha 1, ni kweli, lakini mwaka 1953 CinemaScope, mfumo wa lenzi za picha pana, iliingia na skrini ikapanuka hadi mara mbili na nusu ya kimo chake. "Pillow Talk" ya 1959, ambayo bila shaka ndiyo uliyonayo kichwani unapozungumzia simu na skrini iliyogawanywa, ilipigwa kwa fremu pana ya aina hiyo. Watu wengi wanaikumbuka miaka ile kwa umbo la mraba kwa sababu televisheni zilizikata pande filamu hizo ili zienee kwenye kioo. Umeiga mkasi wa televisheni. Na matembezi ya haraka ni ya filamu zisizo na sauti, zilizopigwa kwa fremu chache kwa sekunde kisha zikaonyeshwa kwa mwendo mkubwa zaidi. Sauti ilipoingia mwendo ukafungwa kwenye fremu 24, na watu wakaanza kutembea kama watu. "The Artist" ya 2011 ilipigwa kwa fremu 22 ikaonyeshwa kwa 24, na ilifaa, kwa kuwa hadithi yake inaanza 1927 na filamu yenyewe karibu yote haina sauti. Wahusika wako wanaongea kwenye simu dakika 12. Warudishie mwendo wao.

Kama unataka kuona kuiga kunakofanywa na watu waliofanya kazi yao ya nyumbani, tazama "Down with Love" ya Peyton Reed, ya 2003. Hadithi imewekwa New York ya 1962, inaanza kwa nembo ya CinemaScope, na yumo Tony Randall, yuleyule aliyecheza kwenye "Pillow Talk" miaka 44 kabla. Tafuta mkwaruzo humo. Picha ni safi kama sahani mpya. Uzamani wake umo kwenye nguo, kwenye madirisha yenye jiji bandia nyuma yake, kwenye safari za gari ambazo barabara imetupwa kwa projekta nyuma ya waigizaji, na kwenye namna watu wanavyoingia chumbani na kusimama.

Sasa sini yako ya simu. Umeniletea kipande cha sekunde 40, na nimekisimamisha fremu kwa fremu. Kushoto kamera iko usawa wa kidevu cha msichana. Kulia iko juu ya kichwa cha kijana. Msichana anatazama nje ya skrini badala ya kutazama mstari wa kati. Ukuta wake una mwanga wa dirisha, wa kijana una taa ya dari. Hivi ni vipande viwili vilivyobandikwa pamoja, na mtazamaji analihisi hilo hata asipojua kulieleza. Ndani ya "Pillow Talk" kuna sini ambayo waigizaji wakuu, Doris Day na Rock Hudson, wako kila mmoja kwenye bafu lake, nyumba mbalimbali, na nyayo zao zinafika kwenye mstari wa kati mahali pamoja, kana kwamba zinagusana kupitia ukuta. Jambo kama hilo halitokei kwenye kompyuta ya mhariri. Linapimwa kwa utepe wa kupimia.

Fanya hivi. Piga upande wa msichana kwanza. Andika kimo cha lenzi kutoka sakafuni, umbali wake hadi usoni, na lenzi yenyewe ni ya milimita ngapi. Kwenye skrini ya kamera bandika utepe panapopita mstari wa kati, umwambie aongee akitazama upande wa mstari huo. Ukihamia kwa kijana rudisha vipimo vilevile, geuza upande, na umpigie sauti ya msichana sikioni ili kuingiliana kwao kutoke mdomoni mwa mwigizaji. Taa kuu ya kila mmoja itoke nje ya fremu kwa upande mmoja uliokubaliwa. Vipimo vikikaa sawa, mstari wa kati wenyewe utaanza kuchekesha: akiegemea huyu, yule anaonekana kusukumwa.

Jambo la pili kwenye kipande chako ni ule ukungu nyuma ya vichwa. Umepiga kwa tundu la lenzi la f/1.4, yaani lililofunguliwa mno, naona, na kitanda, taa ya mezani na pazia vyote vimeyeyuka. Huo ni urembo wa kamera za leo. Lenzi za fremu pana za enzi ile zilihitaji kubanwa tundu ili zitoe picha kali, studio ikamwagiwa taa, na chumba kizima kikasomeka. Chumba kilikuwa sehemu ya kichekesho. Bana tundu hadi f/5.6 au f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), ongeza mwanga, na uwe mwanga mkali wenye ukingo: taa kuu moja ya lenzi ya Fresnel, yaani kioo chenye miduara kinachokusanya mwanga, ya kujaza kivuli upande wa pili, na ya nyuma inayochora nywele. Huna taa za kutosha? Piga chumba kidogo zaidi.

Rangi nazo zilichaguliwa mbele ya kamera. Technicolor walikuwa wakituma mshauri wao wa rangi kwenye seti, na jina la Natalie Kalmus limo kwenye mamia ya filamu kwa kazi hiyo. Ukuta wako ni mweupe, msichana amevaa kijivu, kijana amevaa kijivu. Mimi siwezi kukiivisha kijivu kikawa koti la rangi ya chungwa. Upake ukuta rangi ya kijani iliyopauka, mvalishe msichana nyekundu, uone kazi ngapi za kompyuta zimekuondokea.

Halafu maneno. Kuanzia 1934 hadi 1968 filamu za Hollywood zilifungwa na kanuni ya maadili iliyodhibiti kila kinachoonyeshwa kitandani na karibu ya kitanda. Waandishi wakajifunza kupitisha tamaa ndani ya mazungumzo: mtu anazungumzia mkutano wa kazi na kila aliyeketi ukumbini anaelewa kingine. "Down with Love" ilitengenezwa miaka 35 baada ya kanuni hiyo kuachwa, na sini yake ya skrini iliyogawanywa inavipanga viwiliwili viwili hadi vinaonekana kufanya kile kilichokuwa haramu, ilhali kila mmoja yuko chumbani kwake. Inachekesha kwa sababu tunalijua katazo. Wahusika wako wanatamkiana kila kitu waziwazi kufikia dakika ya tatu. Baada ya hapo hakuna kinachobaki cha kuficha, na mtindo huu wote unaishi kwa kuficha. Rudi kwenye skripti kabla ya kurudi kwenye kamera.

Nimalizie na lile linalonifanya niandike kwa ukali. Hao wanaouza "mwonekano wa miaka ya 1950 kwa kubofya mara moja" wanawauzia vijana jambo lisilokuwepo, na hasara yake si ya pesa ya kifurushi tu. Kundi moja liliniletea filamu nzima waliyokwisha kuitoa ikiwa na mikwaruzo, mtetemo na manjano vimeokwa ndani ya faili. Tamasha lilikuwa limewakataa, nao walitaka nisafishe. Nikaomba rekodi za awali. Walikuwa wamezifuta ili kupata nafasi kwenye diski. Nilikaa na sini moja, dada mmoja anashuka ngazi akiwa na gauni zuri mno, nikijaribu kufuta mikwaruzo inayopita usoni mwake. Kila nilipoondoa mmoja niliondoka na kipande cha kope. Ngozi ilikuwa imeungana na manjano kiasi kwamba nikipoza rangi, midomo inakuwa ya maiti. Waigizaji walifanya kazi nzuri, mshonaji alifanya kazi nzuri, na hakuna atakayeiona tena kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo leo, kabla ya jambo lolote, nakili rekodi zako za awali kwenye diski mbili tofauti. Wiki hii rekebisha mazungumzo ya simu, kisha rudia kupiga sini hiyo peke yake, fremu 24, umbo pana, utepe kwenye skrini ya kamera. Nitumie bila filta yoyote.