Maswali ya Ulingoni: Mtonga Aliyekutana na Klitschko Mara Mbili

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu bondia mmoja, Paea Wolfgramm wa Tonga, aliyechukua medali ya fedha ya uzito wa juu kabisa katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, baada ya kushindwa fainali na Wladimir Klitschko wa Ukraine. Tumezichanganya na za wanaofanya mazoezi, maana majibu yenyewe yanaingiliana.

Assalamu alaikum. Barazani kwetu Kuze tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja anashikilia kwamba Wolfgramm ni Mtonga wa Zambia, kwa hivyo ile ni medali ya Afrika. Mwingine anasema kwa jina lile hawezi kuwa ila Mjerumani. Tuamulieni.
*Msomaji, Mji wa Kale*

Waalaikum salaam. Wote wawili wamekosa, ingawa kila mmoja ana pa kushikia. Watonga wa bonde la Zambezi wapo, Zambia na Zimbabwe, lakini hawahusiani na ufalme wa Tonga, ambao ni visiwa kama 170 katika Pasifiki ya kusini. Nchi nzima ina watu laki moja hivi. Mvita peke yake inaishinda. Wolfgramm asili yake ni visiwa vya Vava'u, na mazoezi yake ya ndondi aliyafanya Auckland, New Zealand. Jina ni la Kijerumani kweli: walowezi kutoka Ujerumani walihamia Vava'u karne ya 19, wakaoa huko, na hadi leo lina wenyewe wengi.

Mwafrika wa uzito ule aliyepata medali Atlanta alikuwepo pia. Ni Duncan Dokiwari wa Nigeria, shaba. Aliyemzuia kufika fainali ni huyo huyo Wolfgramm.

Nimeona kipande cha fainali ya 1996. Raundi tatu nzima, halafu Klitschko anashinda 7 kwa 3? Ngumi nyingine zilikwenda wapi? Na huyo Wolfgramm, bwana mwenye tumbo, alifikaje fainali?
*Kijana wa Majengo*

Alama zile zilihesabiwa kwa mashine, na usipojua mashine ilivyofanya kazi huwezi kuelewa pambano lolote la ridhaa la miaka ile. Walikaa majaji watano, kila mmoja na vitufe viwili, chekundu na cha buluu. Jaji akiona konde limetua sawasawa anabonyeza. Alama iliandikwa tu pale majaji watatu walipobonyeza kitufe cha rangi moja ndani ya sekunde moja. Wakibonyeza wawili, konde limepotea. Akichelewa wa tatu, limepotea. Konde lenyewe lilitakiwa litue kwa sehemu ya glavu inayofunika vifundo vya vidole, usoni, pembeni mwa kichwa, au kiwiliwili juu ya mkanda. Kumwangusha mtu chini hakukuwa na alama ya ziada. Konde lililomlaza lilikuwa sawa na lililomgusa.

Matokeo yake ni kwamba ngumi za mwili karibu hazikuwa na thamani. Mabondia wakikaribiana, jaji aliye nyuma ya mgongo haoni tumbo, wa pembeni anaona kiwiko, na watatu hawakubaliani kwa wakati. Katika uzito wa juu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu watu wakubwa hushikana sana na hurusha makonde machache. Kwa hivyo 7 kwa 3 si hesabu ya ngumi zilizotua. Ni hesabu ya ngumi ambazo watu watatu waliziona pamoja.

Sasa angalia njia ya Wolfgramm. Alianza na Sergei Lyakhovich wa Belarus, akamshinda 10 kwa 9. Lyakhovich huyo ndiye aliyekuja kutwaa mkanda wa dunia wa WBO, moja ya mashirika ya ndondi za kulipwa, mwaka 2006, basi usidhani alipewa mteremko. Robo fainali akapangiwa Alexis Rubalcaba wa Cuba, jitu la kama mita mbili. Cuba ndiyo iliyokuwa nchi ya uzito huo: Teófilo Stevenson alichukua dhahabu tatu mfululizo, 1972 hadi 1980, na Roberto Balado akachukua ya 1992. Wolfgramm akamshinda Rubalcaba 17 kwa 12. Kwa maoni yetu hili ndilo pambano lake kubwa kuliko yote, fainali ikiwemo. Kupata alama 17 kwa mashine ile, dhidi ya mtu anayekuzidi urefu, maana yake makonde yalitua wazi na pasipo mtu wa kuwaziba majaji macho. Nusu fainali akamshinda Dokiwari 7 kwa 6.

Tumbo halikumdhuru kwa sababu mbili. Daraja lake la uzito lilikuwa la juu ya kilo 91, bila kikomo. Na pambano zima lilikuwa raundi tatu za dakika tatu, yaani dakika tisa za kazi, na katikati dakika moja moja ya kupumua. Mtu mzito mwenye mikono myepesi anaweza kuzimudu dakika tisa. Kwenye raundi kumi ni habari nyingine.

Fainali, tarehe 4 Agosti, aliingia na kifundo cha mkono kilichovunjika. Wladimir Klitschko, mwenye urefu wa sentimita 198, alimweka mbali kwa mkono wa kushoto na kuchuma alama moja moja. Ile fedha ndiyo medali pekee ya Olimpiki ambayo Tonga imepata mpaka sasa.

Mashine iliondolewa mwaka 2013. Siku hizi majaji hutoa 10 kwa mshindi wa raundi na 9 au chini kwa aliyeshindwa, kama kwenye ndondi za kulipwa.

Mkono wangu wa kulia unauma upande wa kidole gumba kila nikipiga mfuko, wiki ya tatu sasa. Wenzangu wananiambia niukande mafuta ya moto, nikaze bendeji, niendelee.
*Mwanandondi, Tononoka*

Usikande, na usiendelee. Nyoosha kidole gumba juu. Utaona kishimo kidogo chini yake, karibu na kifundo cha mkono. Kibonyeze kwa ncha ya kidole. Ukiruka kwa maumivu, huenda umevunja kijifupa kilicho chini ya kishimo hicho. Kijifupa hicho hupata damu kupitia ncha moja tu, ile ya upande wa vidole. Kikikatika, kipande cha upande wa pili hukosa damu, na ukikipuuza kinaweza kufa ndani kwa ndani, kifundo kikabaki kibovu maisha. Nenda hospitali upigwe picha. Jambo ambalo wengi hawaambiwi: picha ya kwanza mara nyingi haionyeshi ufa. Maumivu yakiendelea, rudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe nyingine. Plasta ya wiki 6 hadi 12 ni kawaida kwa mfupa huu.

Wolfgramm alipigana na mkono uliovunjika kwa sababu ilikuwa fainali ya Olimpiki, na madaktari walikuwa karibu. Wewe unapiga mfuko.

Ukipona, tazama mambo mawili. La kwanza ni bendeji. Tumia ya mita 4.5, upana wa sentimita 5. Tia kitanzi kwenye gumba, kisha ipitishe *mgongoni* mwa mkono, si kiganjani. Ikianzia mgongoni itajikaza unapokunja ngumi. Ikianzia kiganjani italegea, na hili ndilo kosa tunaloliona zaidi. Zungusha kifundo mara tatu. Panda vifundo vya vidole, mara tatu tena, vidole vikiwa vimepanuliwa. Pitisha kati ya kidole na kidole, kila mara ukirudi kwenye kifundo, mara tatu. Zungusha gumba mara moja, halafu kinachobaki kimalizie chote kwenye kifundo. Vijana hupenda kujaza juu ya vidole ili ngumi ionekane nene, wakaacha kifundo na mzunguko mmoja. Kifundo hupinda kwenye konde la kwanza lisilonyooka. Kucha zikigeuka rangi ya zambarau, umekaza kupita kiasi. Fungua uanze upya.

La pili ni mfuko. Mifuko mingi ya kujitengenezea hapa Mombasa hujazwa mchanga. Baada ya miezi michache mchanga hushuka, sehemu ya chini ikawa jiwe na ya juu ikawa tupu. Umwage. Nunua matambara ya mitumba Kongowea, ng'oa vifungo na zipu, yakate vipande vya ukubwa wa kiganja, uyashindilie kidogo kidogo. Ukitaka uzito zaidi, funga mchanga kwenye vifuko vidogo vya kilo mbili mbili uviweke katikati, vizungukwe na matambara, visiguse ukuta wa mfuko. Mfuko wenye nusu ya uzito wako unatosha.

Nina miaka 19, kilo 96, urefu futi sita na inchi mbili. Kocha anataka nishuke kilo 90 kabla ya mashindano, siku kumi na mbili zijazo. Nivae nailoni nikimbie saa saba mchana. Ni sawa?
*Msomaji, Likoni*

Kwa heshima zote kwa kocha wako, si sawa. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya Pwani tayari ina unyevu mwingi, jasho linachuruzika bila kukauka; ukivaa nailoni umejifungia joto ndani kabisa. Watu wamekufa kwa njia hiyo, katika ndondi na katika mieleka. Ukimwona mwenzako anakimbia akaanza kusema maneno yasiyoeleweka au kupepesuka, mwondoe juani, mvue, mmwagie maji mwili mzima, mwekee barafu kwapani na shingoni, na gari la hospitali liwe njiani tayari. Usimlazimishe kunywa akiwa hajitambui.

Halafu, kilo sita katika siku kumi na mbili zitakuwa maji, si mafuta. Ukipoteza asilimia 2 ya uzito kwa jasho, kwako ni kama kilo 2, pumzi na wepesi vinapungua. Utapanda ulingoni dhaifu, kupigana na watu waliokuwa na kilo 90 zao za kawaida.

Umri wa miaka 19 bado unajenga mwili. Kaa na kilo zako uingie uzito wa juu kabisa. Ila muulize kocha uzito huo unaanzia kilo ngapi katika mashindano yenu, maana mipaka imekuwa ikibadilika: Atlanta ulikuwa juu ya kilo 91, Paris 2024 juu ya 92. Ukikutana na mtu wa kilo 120, silaha yako ni miguu. Kimbia alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Ule mkavu wa juu huumiza kano za nyuma ya kisigino kwa mtu wa uzito wako. Jipime kabla na baada. Kila kilo iliyopungua irudishie lita moja na nusu ya maji kwa saa chache, si kwa mkupuo. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo. Kula kitu chenye chumvi pamoja nalo.

Kama Wolfgramm alikuwa hodari hivyo, mbona mwaka 2000 alilala raundi ya kwanza mbele ya Klitschko?
*Msomaji, Kisauni*

Walirudiana Hamburg tarehe 18 Machi 2000, wakigombea mkanda wa kimataifa wa WBC, shirika jingine la ndondi za kulipwa, na Klitschko akammaliza raundi ya kwanza. Lakini hawakuwa watu wale wale. Klitschko alikuwa amepigana zaidi ya mara 30 za kulipwa kwa miaka mitatu na kidogo, chini ya kocha Fritz Sdunek, kwenye mji huo huo aliokuwa akifanyia mazoezi. Hakukuwa na kofia ya kinga, na hakukuwa na sababu ya kuchuma alama moja moja tena; kwenye kulipwa, konde linalolaza lina faida kuliko mia yanayogusa. Wolfgramm alimaliza na ushindi 20 na kushindwa 4. Si rekodi ya bingwa wa dunia, wala si ya kuchekwa. Wanaotumia Hamburg kuidharau fedha ya Atlanta wanachanganya michezo miwili.

Kuna Watonga wengine wa uzito huo?
*Msomaji, Mikindani*

Wapo. Kitione Lave alimlaza Don Cockell raundi ya pili, London, Aprili 1956, chini ya mwaka mmoja tangu Cockell apigane na Rocky Marciano kwa ubingwa wa dunia. Cockell hakupigana tena. Wa karibuni ni Junior Fa, mzaliwa wa Auckland aliyeiwakilisha Tonga katika ridhaa. Alishindwa kwa alama na Joseph Parker wa New Zealand Februari 2021.

Na Kenya je, tumewahi kupata medali ya Olimpiki kwenye uzito wa juu?
*Msomaji, Changamwe*

Hapana. Medali zetu saba za ndondi ni za uzito wa chini na wa kati, kuanzia shaba ya Philip Waruinge mwaka 1968 hadi dhahabu ya Robert Wangila mwaka 1988.

Glavu zangu zimeota ukungu na zinanuka. Nizianike juani?
*Msomaji, Bamburi*

Jua litapasua ngozi. Changanya siki kiasi kimoja na maji kiasi kimoja, lowesha kitambaa, ukikamue mpaka kisidondoke, ufute ndani na nje. Jaza magazeti makavu, badilisha baada ya saa mbili, kisha zitundike kivulini penye upepo, mdomo ukitazama chini. Usizifungie kwenye mkoba usiku, na bendeji zifuliwe kila baada ya mazoezi. Sifongo ya ndani ikishavunjika, ukibonyeza unahisi vifundo vyako mwenyewe, ukungu si tatizo tena, nunua nyingine.