Ombeni kuona madaftari

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mzazi anayetaka kumpeleka mtoto wake katika shule ya msingi ya Kikristo amwangalie mwalimu kwa mambo gani? Nimefundisha shule za msingi hapa Tanzania kwa miaka 33, miaka 28 katika shule za Serikali na mitano ya mwisho katika shule ya kanisa ya mchepuo wa Kiingereza, ambako nilikuwa mwalimu wa taaluma na mjumbe wa kamati ya usaili. Najibu, basi, kama mtu aliyekaa upande wa meza ambao wazazi hawauoni, na jibu langu ni fupi kuliko maelezo yake: kabla hamjauliza mwalimu anasali wapi, ombeni kuona madaftari ya watoto anaowafundisha.

Nianze na usaili wenyewe, maana makosa yetu yalianzia huko. Mwombaji alitakiwa kuleta cheti cha ualimu, matokeo yake ya kidato cha nne na barua ya mchungaji au paroko yenye muhuri. Akishaketi, aliulizwa ameokoka lini, kisha anatoa huduma gani kanisani, na muda ukibaki ndipo aliulizwa kuhusu kufundisha. Mwaka mmoja tulimwajiri kijana aliyefungua usaili kwa sala ndefu iliyotugusa sote pale mezani, mimi nikiwamo, tukamkabidhi mkondo mmoja wa darasa la tatu bila kumwomba aandike hata mstari mmoja ubaoni. Siku hiyohiyo nusura tumrudishe nyumbani mama mmoja mpole kwa sababu barua yake haikuwa na muhuri. Ushuhuda wake ulikuwa wa sentensi mbili. Alipoona tunaelekea kuagana naye aliomba chaki, akatoa mkobani vijiti alivyovifunga kumikumi kwa mipira, akatuonyesha anavyowafundisha watoto kutoa 27 katika 52: unafungua fungu moja la kumi, unalichanganya na vile vijiti viwili vilivyokuwa peke yake, unapata kumi na viwili, na hapo saba inatoka bila ugomvi. Mzee wa kanisa mmoja aliyekuwa mjumbe alisema kwa sauti kwamba ndiyo kwanza anaielewa hesabu hiyo. Tulimwajiri na huyo mama, nadhani zaidi kwa aibu, akapewa mkondo wa pili.

Katikati ya muhula niliyakusanya madaftari ya mikondo yote miwili kuyakagua. Kwa yule kijana, kurasa nyingi zilikuwa na alama moja kubwa ya vema iliyovutwa kwa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini, ikapita juu ya majibu sahihi na ya makosa bila kubagua. Pale alipojitahidi kusahihisha hesabu mojamoja, mtoto alipata makosa matupu, sifuri iliyozungushiwa duara, na maneno ya kumtaka aongeze bidii. Sasa mtazameni huyo mtoto kwa dakika moja. Katika 52 kutoa 27 ameandika 35. Katika 43 kutoa 18 ameandika 35 tena. Katika 61 kutoa 34 ameandika 33. Mtoto huyu amekosea jambo moja tu, akalirudia mara tatu kwa uaminifu mkubwa: kila safu anachukua tarakimu ndogo na kuitoa katika kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Bidii anayo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma kazi yake. Katika mkondo wa yule mama nilikuta kosa lilelile kwa watoto wanne au watano, lakini pembeni mwa kila hesabu alikuwa amechora fungu la vijiti lililofunguliwa, chini yake kuna hesabu nyingine tatu za aina hiyohiyo, na siku iliyofuata kuna masahihisho ya mtoto yaliyotiwa vema upya, moja baada ya moja.

Mzazi hahitaji kujua mtaala wala Kiingereza ili aone tofauti hiyo. Angalieni kama tarehe zinafuatana au kuna majuma matupu. Kama masahihisho ya mtoto yamerudi kusahihishwa. Na kama wino mwekundu uko mwingi kwa mtoto wa mwisho kama ulivyo kwa wa kwanza. Hili la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania. Shule ikiwaonyesha daftari, itawaonyesha la yule anayeongoza darasa, lenye jalada la nailoni na mwandiko wa kupendeza. Ombeni la yule anayeshika mkia, mwalimu akifunika jina lake kwa kiganja. Ukristo wa mwalimu nimeuona mara nyingi zaidi katika daftari hilo kuliko mahali pengine popote shuleni, kwa sababu hakuna anayelipwa wala kusifiwa kwa kulisahihisha vizuri. Wastani wa shule katika mtihani wa darasa la saba hupandishwa na watoto wa mbele, na shule nyingine huona ni rahisi kumkaririsha darasa mtoto wa nyuma, au kumshauri mzazi amhamishe, kuliko kumtafutia vijiti.

Wapo watakaosema nimegeuza swali la imani kuwa swali la Hisabati. Naomba tukumbuke tulikotoka. Vijijini kwetu hata leo katekista huitwa mwalimu, na si kwa bahati: katika shule za misheni za mwanzo aliyefundisha silabi na aliyefundisha katekisimu alikuwa mtu mmoja, akifundisha kusoma ili watu waisome Injili wenyewe. Asiyejua kufundisha kusoma alikuwa ameshindwa kazi zote mbili. Mimi mwenyewe nilianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule ya misheni, na Serikali ilipozichukua shule hizo baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, mwalimu wetu alibaki yuleyule. Kilichobadilika ni kibao cha njiani. Aliendelea kutufundisha kwa saburi ileile, na kama kulikuwa na tofauti kati ya mwalimu wa misheni na mwalimu wa Serikali ndani ya mtu yule, sisi watoto hatukuiona. Makanisa yaliporudi kwa wingi katika shule za msingi miaka ya 1990, sekta binafsi ilipofunguliwa mlango, yalirudi na majengo mazuri na mabasi, lakini naona desturi ile ya mtu mmoja mwenye kazi mbili ilipotea njiani. Tukaanza kumwona mwalimu wa somo kuwa mfanyakazi tu, na mwalimu wa dini ndiye wa kanisa.

Kipindi cha dini nacho kina namna yake ya kukaguliwa, na hapa mzazi amwulize mtoto, asimwulize mwalimu. Muulizeni juzi alisimuliwa hadithi gani, na baada ya hadithi mwalimu aliuliza nini. Nilipita siku moja nje ya darasa la pili nikamsikia mwenzetu akisimulia habari za Anania na Safira, wale waliosema uongo kuhusu fedha za shamba lao, kwa sababu penseli mbili zilikuwa zimepotea. Aliisimulia vizuri sana, kwa sauti ya chini, na alipofika pale mume na mke walipoanguka na kufa, watoto wawili walianza kulia. Penseli zilipatikana. Lakini mama wa mtoto mmoja alikuja siku ya tatu kutueleza kwamba mwanawe haendi tena chooni usiku peke yake, anaogopa kwamba Mungu atamuua kwa kipande cha muwa alichokula bila ruhusa. Mwalimu anayemtumia Mungu kama askari wa zamu huwa amechoka, au hakujiandaa, au vyote viwili. Yule anayesimulia habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyechukiwa na watu, na kuwauliza watoto wa miaka saba, "Kwa nini Yesu alimwita kwa jina lake?" kisha akanyamaza kuwasubiri, huyo mshikeni msimwachie.

Kuhusu fimbo nitasema bila kujificha, maana nilichapa na mimi. Kanuni zetu za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Wenzetu wa Kenya walikwisha kuipiga marufuku adhabu hiyo shuleni tangu mwaka 2001. Mzazi anayo haki ya kuuliza kitabu hicho kiko wapi, na mkikuta shule haina kitabu huku kila mwalimu anatembea na fimbo, mtakuwa mmekwisha kujibiwa. Mara nyingi mwalimu atawasomea Mithali kuhusu asiyetumia fimbo yake. Msomeeni naye Waefeso 6:4, unaowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, halafu mwulizeni ni mtoto gani aliyewahi kuelewa kutoa kwa kuchapwa.

Jambo jingine ambalo wazazi Wakristo hulisahau ni kwamba madarasa ya shule zetu yana watoto wa kila namna. Wapo Waislamu ambao wazazi wao wametuamini na ada yao, wapo Wasabato ambao twisheni ya Jumamosi hawawezi kuja, wapo Wakatoliki katika shule za Kipentekoste na Wapentekoste katika shule za masista. Sikilizeni mwalimu anavyowataja. Aliyewahi kusema mbele ya darasa kwamba rozari ya mtoto fulani ni sanamu, au aliyepanga jaribio la wiki siku ya Idi, amemfundisha mtoto wenu pia, hata kama yeye hakuguswa. Yule mama wa vijiti alikuwa na kawaida ya kuulizia sikukuu za familia zote mwanzoni mwa mwaka na kuziandika ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha mahudhurio. Ilimchukua nusu saa tu.

Kuhusu usalama nitasema machache, kwa kuwa hayana mjadala. Mwalimu asiwe na vipindi vya faragha na mtoto mmoja katika chumba kilichofungwa, iwe ni twisheni au maombezi, na jina la mtumishi wa Mungu lisimwondolee mtu yeyote sharti hilo. Mwalimu mwema hatachukia kuulizwa. Mlango ulio wazi unamlinda na yeye.

Na kabla hamjamlaumu mwalimu kwa madaftari yasiyosahihishwa, mwulizeni mwenye shule maswali mawili: mwalimu huyu ana watoto wangapi darasani, na mshahara wa mwezi uliopita alilipwa lini. Neno "wito" limetumika vibaya sana katika shule za makanisa. Nimeona walimu wakikaa miezi bila mshahara, wakihimizwa kuendelea kumtumikia Bwana, huku michango yao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haipelekwi, na mwisho wa muhula tukashangaa kwamba wote wazuri wamehamia kwingine. Darasa linalobadilishiwa mwalimu mara tatu kwa mwaka halina mwalimu, hata wote watatu wawe watakatifu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa darasa la pili alikuwa barazani anacheza shule. Alikuwa amepanga ndala zote za nyumba kwa safu, na yeye ameshika kijiti cha ufagio. Aliita majina, akaandika hewani, kisha akaiendea ndala moja iliyokatika ukanda, akaipiga mara mbili na kuiambia kwa sauti isiyo yake, "Wewe kila siku wewe!" Ndala nyingine hazikuguswa. Nilimwita nikamuuliza ile ndala imekosa nini. Akasema haikukosa kitu, ndivyo ilivyo.

Jumanne yake nilikwenda shuleni kwake. Habari za ndala sikuzitaja. Niliomba kuona daftari lake la Hisabati, na mwalimu wake, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akaniamkia "Shikamoo, Babu" na kunipeleka kwenye meza ambayo madaftari yalikuwa yamerundikana hadi usawa wa kidevu changu nilipokaa. Alikuwa na watoto 58. Mwalimu wa pili wa kumsaidia aliondoka mwezi Machi na hajaletwa mwingine. La mjukuu wangu lilikuwa na kurasa nne ambazo hazijaguswa, na hakutafuta kisingizio. Alisema tu kwamba huanza na ya juu na huwa hafiki chini. Nikamwomba kalamu nyekundu ya akiba. Tulisahihisha mpaka kengele ya saa nane, na alipofika kwa mtoto mmoja aliyekosa zote alianza kuandika sifuri, akasita, akanigeuzia daftari na kuniuliza, "Babu, huyu anafikirije?"