Notisi ya siku saba na karatasi ya broka

SWALI: Wakili, tunaishi kwenye ardhi ya serikali hapa Nairobi tangu 2006. Juzi tumebandikiwa notisi ya siku saba. Kuna broka anachangisha shilingi 2,000 kila nyumba atuletee "karatasi ya korti". Mwenyekiti wetu naye anasema tusijisumbue, haki ya makazi ni mpaka siku serikali itakapopata pesa. Tufanyeje? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo la mwenyekiti, maana nalisikia kila wiki, na linaniumiza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Ni kweli, kifungu cha 21 kinasema haki hizo zitimizwe hatua kwa hatua. Lakini hizo ni hatua za kujenga. Kuacha nyumba yako isimame hakuhitaji hata senti ya bajeti! Na serikali ikidai haina uwezo, kifungu cha 20 kinaitwika yenyewe mzigo wa kuthibitisha.

Sheria ya Ardhi, tangu irekebishwe 2016, inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu, itangazwe gazetini na redioni. Hata siku ikifika, nyinyi ndio wa kwanza kupewa nafasi ya kung'oa mabati yenu.

Siku saba ndizo walizopewa wakaazi wa Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, mwaka 2011. Novemba wakabomolewa ingawa korti ilikuwa imezuia. Kesi yao, ya Mitu-Bell (jina la chama chao), ilifika Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 ilisema asiye na ardhi akijenga makao kwenye ardhi ya umma hapati umiliki wa ardhi hiyo, ila anapata haki ya makazi inayolindwa na sheria. Uamuzi huo ulitoka miaka tisa baada ya nyumba kuanguka. Kwa hiyo nendeni kortini sasa, tingatinga halijafika, mwombe amri ya kuzuia. Bebeni notisi yenyewe, picha za nyumba, kadi za kliniki za watoto zenye jina la kijiji, jumbe za M-Pesa za siku mliponunua mabati.

Sasa broka. Kifungu cha 22 kinakataza kutoza ada ya kufungua kesi ya haki za msingi, na kinaruhusu korti ipokee hata barua ya kawaida. Basi hizo 2,000 ni za nini? Nimewahi kuletewa "amri" ya namna hiyo: muhuri wa fotokopi, na namba ya kesi ya watu wengine kabisa waliokuwa wakigombania gari. Familia zilizoilipia zilikaa zikingoja, zikiamini zimelindwa, mpaka siku za kwenda kortini zikaisha. Mabroka wa namna hii wako wengi, na hufika pale notisi inapobandikwa, wakijua hofu haiulizi risiti. Huyo wenu mwombeni namba ya kesi, kisha wawili kati yenu waende nayo kwenye sajili ya mahakama, karani awafungulie faili mbele ya macho yenu. Broka akikataa kuitoa namba hiyo, mrudishiwe pesa zenu leo.