Shafti ya Kaboni: Pima Ncha Kabla ya Kulipia Jina

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka nimtajie shafti (sehemu ya mbele ya fimbo, yenye ncha) moja tu ya fimbo ya pool, ya kampuni yenye jina, itakayomwondolea tabu ya mpira mweupe kukengeuka kila anapoupiga pembeni. Swali lake limenigusa, kwa kuwa kwa muda mrefu wachezaji wenzangu walinibeza kwa kutumia shafti ya kaboni ambayo jina lake halijulikani, na nahodha mmoja alifikia kutamka mbele ya timu nzima kwamba fimbo ya namna hiyo ni ya wanaojifunza. Maneno yale yananiuma hadi leo. Shafti hiyohiyo ndiyo iliyonipa ushindi katika fainali ya klabu hivi karibuni, na pigo la kuamua lilikuwa la spini ya kushoto, yaani mzunguko anaoupata mpira ukigongwa kushoto mwa kitovu chake, mpira mweupe ukisafiri karibu urefu wote wa meza kabla ya kugusa mpira namba nane. Ninajivunia pigo lile, na sioni haya kulisema.

Nilipobezwa nilichagua kusoma. Mpira ukipigwa kushoto mwa kitovu huanza kuzunguka ncha ikiwa bado imeugusa. Mzunguko huo huisukuma ncha kushoto, na ncha nayo huusukuma mpira kulia. Kadiri sehemu ya mbele ya shafti ilivyo nzito, ndivyo mpira unavyokengeuka zaidi. Mguso wenyewe hudumu takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo uzito wa kitako, yaani sehemu ya nyuma ya fimbo, hauwahi kushiriki. Kinachohesabika ni kipande kifupi cha mbele, karibu na ncha.

Predator, kampuni ya kutengeneza fimbo, walilifanyia kazi jambo hilo katika miaka ya 1990 kwa shafti ya 314, iliyoundwa kwa vipande 10 vya mbao ya mepo vilivyogundishwa pamoja na kutobolewa ndani upande wa ncha ili uzito upungue. Baadaye ikaja Revo yao ya kaboni, kisha Cynergy ya Cuetec, Ignite ya Mezz na Defy ya McDermott. Huu ni ubunifu wa kweli. Kaboni haipindi kwa unyevu, haibonyei kirahisi, na kitambaa chenye unyevu kidogo hutosha kuifuta chaki.

Ninachokikataa ni ahadi kwamba shafti hizi hutoa spini zaidi. Dave Alciatore wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado amelipima suala hili kwa kamera za kasi kubwa: ncha ikigusa mpira umbali uleule kutoka kitovuni, spini inayopatikana haitofautiani kwa kiasi cha kuhesabika. Unachopata ni mkengeuko uliopungua, na hicho hakiandikwi kwenye nembo.

Basi, ndugu msomaji, pima. Panga pigo lililonyooka hadi ukingo wa mbali, fimbo ikiwa imelala kadiri inavyowezekana, piga kwa nguvu ukiwa umegusa pembeni, kisha tazama mpira umeangukia wapi. Rudia kwa shafti nyingine ukiwa na shabaha ileile. Anayenunua jina bila kupima hana haki ya kumcheka aliyepima. Nasema hivi kwa uzito: heshima mezani hutafutwa kwa mazoezi, na vijana waache kukopa ili waonekane na nembo.

Usibadilishe shafti karibu na mashindano. Aliyezoea mepo ya kawaida hulenga kando kidogo ili kufidia mkengeuko, na mazoea hayo yatamkosesha mashimo mpaka jicho lizoee upya. Kubadilisha ncha ya ngozi mpe fundi anayeifahamu kaboni, kwa kuwa vumbi lake lina madhara likivutwa. Hakikisha pia kwamba skrubu ya kuungia shafti inalingana na kitako ulicho nacho, maana shafti ya skrubu ya Uni-Loc ya kufunga haraka haiingii kwenye kitako cha skrubu ya aina ya Radial, hata ikiwa imetoka kwa kampuni kubwa kuliko zote.