Jibu: Ini na mapafu ndiyo, moyo hapana

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama ini, mapafu na moyo vyote vinatoka kwenye tabaka la ndani la kiinitete, yaani mtoto anapoanza kuumbwa tumboni. Moyo hapana, huo ni wa tabaka la kati.

Tabaka la ndani, yaani endodemi, linajitokeza wiki ya 3 baada ya mimba kutungwa. Wiki ya 4 linaviringika kama mkeka na kuwa mrija. Upande wa mbele wa mrija huo unachipua: chipukizi moja ini na mfuko wa nyongo, mawili yanaungana kuwa kongosho, jingine linagawanyika kuwa mapafu.

Ila shika hili, maana mitihani inalipenda: endodemi haitengenezi kiungo kizima. Nunua utumbo wa mbuzi hapo sokoni, upasue kwa kisu. Ule utando wa ndani wenye ute umetokana na endodemi. Msuli unaouzunguka ni wa tabaka la kati.

Kinachonishangaza mpaka leo ni utumbo wenyewe. Unakua haraka kuliko nafasi ya tumbo, kwa hiyo wiki ya 6 unatokeza kwenye kitovu, unajizungusha, na kurudi ndani karibu wiki ya 10. Usiporudi, mtoto huzaliwa matumbo yakiwa nje, na huyo awahishwe hospitali ya rufaa kwa upasuaji.